Seva za Ndani au Huduma za Wingu? Maswali na Majibu ya Marudio

Mada hii huwanyima wanafunzi alama kwa sababu moja kubwa: wanakariri orodha ya faida na hasara, kisha swali likitaja kampuni yenye hali yake, orodha haiwasaidii. Katika kila jibu, tafuta mambo matatu: nani anawajibika, mzigo wa kazi ukoje, na data inakaa wapi.

SEHEMU A: MASWALI MAFUPI

1. Tofautisha kituo cha data cha ndani na huduma ya wingu inayosimamiwa. (Alama 4)

Kituo cha ndani ni chumba au jengo ambamo kampuni huweka seva zake yenyewe. Kampuni ndiyo inayonunua vifaa, kulipia umeme, viyoyozi na jenereta, na kuajiri mafundi. Katika huduma ya wingu inayosimamiwa, kampuni hukodi uwezo kupitia mtandao. Mtoa huduma humiliki mitambo, huisasisha na kuitengeneza inapoharibika.

2. Taja sifa tano za wingu. (Alama 5)

Kwa mujibu wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani (2011):
(a) mteja hujihudumia mwenyewe wakati wowote;
(b) huduma hufikiwa kwa mtandao kupitia vifaa vya aina mbalimbali;
(c) wateja wengi hutumia rasilimali za pamoja;
(d) uwezo huongezeka na kupungua upesi;
(e) matumizi hupimwa.

*Angalizo:* Usiandike "bei nafuu". Hiyo si sifa ya wingu, na Swali la 4 litaonyesha kwa nini.

3. Duka la mtandaoni linatumia hifadhidata inayosimamiwa. Gawanya majukumu. (Alama 6)

*Mtoa huduma:* ulinzi wa jengo, vifaa, mfumo endeshi, masasisho ya programu ya hifadhidata, na mitambo ya kunakili data.

*Duka:* kuamua nani aone data ipi, kulinda nywila, kuchagua nakala rudufu zihifadhiwe kwa siku ngapi, na ubora wa programu yake yenyewe.

Mfano wa kutaja: mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani, iliyokuwa ikitumia wingu la Amazon, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 106 wa Marekani na Kanada. Mlango uliotumika ulikuwa kizuizi cha mtandao kilichopangwa vibaya upande wa mteja. Ukihamia wingu, kazi ya kulinda data yako haihami yote.

SEHEMU B: HESABU NA UCHAMBUZI

4. Kampuni ya Arusha inaweza kununua seva kwa shilingi milioni 60 na kuziendesha kwa milioni 1 kwa mwezi, au kukodi wingu kwa milioni 2.5 kwa mwezi. (a) Baada ya miezi mingapi gharama zitalingana? (b) Itakuwaje ikiwa wingu likizimwa usiku na mwisho wa wiki ada inashuka hadi milioni 1.25? (Alama 8)

(a) Kila mwezi seva za ndani zinaokoa 2.5 − 1 = milioni 1.5. Kwa hiyo 60 ÷ 1.5 = miezi 40. Seva zikidumu miaka mitano, za ndani zitagharimu milioni 120 na wingu milioni 150. Za ndani ni nafuu.

(b) Akiba inabaki milioni 0.25 kwa mwezi: 60 ÷ 0.25 = miezi 240, yaani miaka 20. Ni nadra seva kudumu miaka 20. Wingu linashinda.

Hitimisho linalobeba alama: bei zile zile zimetoa majibu mawili kwa sababu mzigo umebadilika. Kazi inayokwenda mchana na usiku kwa kiwango kile kile huifaa seva ya kununua. Kazi inayopanda na kushuka huifaa ya kukodi. Hakikisha pia ile milioni 1 imejumuisha mshahara wa fundi na mafuta ya jenereta, maana hivyo ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

5. Mkataba unaahidi upatikanaji wa asilimia 99.9. Huduma inaweza kukosekana kwa muda gani kwa mwaka? Je, ahadi hiyo inatosha? (Alama 6)

Mwaka una saa 8,760. Asilimia 0.1 yake ni saa 8.76, karibu saa 8 na dakika 46.

Haitoshi, kwa kuwa ahadi inahusu mitambo ya mtoa huduma, siyo njia ya kuifikia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, seva ya ng'ambo inaweza kuwa nzima kabisa na karani wa Dar es Salaam asiifikie. Kituo cha ndani nacho kina udhaifu wake: tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu Kenya nzima, na asiyekuwa na jenereta yenye mafuta alisimama. Mtahiniwa mzuri hutaja hatari za pande zote mbili.

6. "Data ikiwa kwenye wingu, nakala rudufu hazihitajiki." Kosoa kauli hii. (Alama 4)

Si kweli. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya wingu ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza data moja kwa moja. Wingu nalo ni seva ndani ya jengo. Weka nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine.

7. Sheria inaathiri vipi uchaguzi? (Alama 4)

Kenya (2019) na Tanzania (2022) zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinazoweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Microsoft ilifungua vituo vya wingu Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020. Vimesogea karibu, lakini kwa mfanyabiashara wa Mwanza bado viko nje ya mpaka.

SEHEMU C: INSHA

8. "Kila kampuni inapaswa kuhamia wingu." Jadili. (Alama 13)

*Kuunga mkono:* Mwaka 2008 hifadhidata ya Netflix iliharibika na kampuni ikashindwa kutuma DVD kwa siku tatu. Ikaanza kuhamia wingu la Amazon na kukamilisha Januari 2016. Watazamaji wake hupanda na kushuka kwa saa, hivyo uwezo unaotanuka uliifaa.

*Kupinga:* Dropbox ilifanya kinyume. Kufikia 2016 ilikuwa imehamisha sehemu kubwa ya mafaili ya wateja kutoka Amazon kwenda mitambo yake, na gharama zikapungua kwa karibu dola milioni 75 katika miaka miwili. Mafaili hayo yalikuwa mengi na ya kudumu, na kampuni ilikuwa na wahandisi wa kuyatunza.

*Msimamo:* Kampuni ichague kwa kila kazi, siyo kwa kampuni nzima kwa pamoja. Hospitali inaweza kubaki na kumbukumbu za wagonjwa ndani ili daktari azisome hata intaneti ikikatika, ikaweka nakala zilizosimbwa kwenye wingu pale sheria inaporuhusu, na ikakodi barua pepe moja kwa moja. Mfumo mseto wa aina hii ni jibu kamili pale tu unapoeleza kila kazi imewekwa wapi na kwa sababu gani.