HAKI YA MGONJWA WA SARATANI

Ndugu zetu, yatupasa tujue kwamba saratani haiumizi mwili peke yake, bali huutia moyo hofu na huzuni. Mgonjwa wa Machakos apelekwaye Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, kutibiwa kwa mionzi, huchoka kwa safari, na huchoka zaidi akiona jamaa wamemwepuka. Maradhi haya hayaambukizi kwa kukaa pamoja wala kula sahani moja. Basi twamkimbia kwa nini? Tangu mwaka 1990 Nairobi Hospice huwatuliza wagonjwa maumivu na kuwasikiliza. Nasi tumzurupo, tusimhimize subira kisha tukaondoka: tukae, tumsikilize, tumsindikize hospitali. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, si hisani.