SOMO LA AFYA: MAUMIVU YA CHINI YA KITOVU NA MZIGO WA MOYONI



Katika mashamba ya chai na viwandani wako akina mama wanaofanya kazi huku wamejishika tumbo. Wengine wamepimwa wakaambiwa, "Huna ugonjwa." Msimamizi naye husema ni uvivu. Kauli zote mbili zaweza kuwa makosa.

1. Maumivu sugu ni nini?
Ni maumivu ya chini ya kitovu yanayodumu miezi 6 au zaidi, ya mfululizo au ya kuja na kuondoka. Chanzo chaweza kuwa kizazi, kibofu, utumbo au misuli ya nyonga. Kwa hiyo kwanza mgonjwa apimwe.

2. Moyo unaingiaje?
Maumivu hufika kwenye ubongo kwa mishipa ya fahamu. Mishipa iliyosumbuliwa muda mrefu hulia ovyo, kama kengele ya hatari inayolia hata moto ukiwa umezimwa. Hofu, huzuni na kukosa usingizi huzidisha ukali. Misuli hukaza, na kukaza kwake huleta maumivu mapya. Wanawake waliowahi kupigwa au kubakwa hupatwa zaidi. Lakini si kila mwenye maumivu alidhulumiwa, wala maumivu si ya kubuni. Ni ya kweli.

3. Mfano wa Kacyiru
Mwaka 2009 kituo cha Isange kilifunguliwa katika Hospitali ya Polisi, Kacyiru, mjini Kigali. Hapo aliyedhulumiwa humkuta daktari, mshauri na polisi mahali pamoja, bila malipo. Fundisho letu ni hili: mwili na moyo vitibiwe pamoja.

4. Tufanye nini?
(a) Mgonjwa amweleze daktari yote: maumivu huanza lini, analalaje, anaogopa nini.
(b) Asitegemee vidonge tu. Mazoezi ya kulegeza misuli na mazungumzo na mshauri ni matibabu pia.
(c) Mjumbe wa chama amdaie ruhusa ya kwenda hospitali, na atunze siri yake.
(d) Sheria ya Kazi ya Rwanda Na. 66/2018 yakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini. Msimamizi anayedai mwili wa mfanyakazi ashtakiwe.

Maswali ya kujadili tawini
1. Hapa kwetu, mama mwenye maumivu humwambia nani?
2. Kwa nini wengi hunyamaza?
3. Tawi letu litaanza na hatua gani?