Vifaranga wanapougua: tuangalie kinyesi kabla ya kumtaja jirani



Somo letu la leo ni watoto wa kuku. Labda wengine watauliza, kuku na amani vinahusiana wapi? Vinahusiana sana. Kwa familia iliyokimbia mikono mitupu, kuku ndiye mfugo wa kwanza kupatikana, kabla ya sungura na mbuzi. Hahitaji shamba, hula makombo, na jogoo mmoja akiuzwa mtoto hupata daftari. Lakini kambini, au katika uwanja wa familia iliyotupokea, kuku wa nyumba nyingi huchanganyika. Siku vifaranga wanane wanapokufa, neno la kwanza kusikika ni "sumu". Mwenyeji anamshuku mgeni, mgeni anamshuku mwenyeji, na kama makabila ni tofauti, jambo linakuwa zito zaidi. Mara nyingi jibu liko chini, katika kinyesi cha hao vifaranga, na hakuna aliyeinama kukiangalia.

Tuangalie nini?

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia, tuwatazame. Kifaranga mzima hukimbilia chakula na macho yake yanang'aa. Mgonjwa hujitenga, hufumba macho, hushusha mabawa, na manyoya yake husimama kana kwamba amenyeshewa. Ukimwona mmoja wa namna hiyo, mtenge palepale, usingoje kesho. Kisha jiulize mambo matatu: ana wiki ngapi? Kinyesi chake kina rangi gani? Je, kuku wakubwa nao wanaugua?

Wiki mbili za kwanza

Hapa adui mkubwa ni baridi, na watu wengi hununua dawa bure. Katika wiki ya kwanza kifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kwenye vilima vya Masisi usiku uko mbali sana na joto hilo. Huna kipimo? Vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana na kulialia, wanasikia baridi. Wakikimbia joto na kupanua midomo, limezidi. Mama yao ndiye jiko bora. Kama hayupo, tumia boksi lenye majani makavu na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Tafadhali, msiache makala yakiwaka ndani ya hema au nyumba iliyofungwa wanamolala watoto. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu.

Kama kinyesi ni cheupe na kinaganda mkunduni kama chokaa, huo ni ugonjwa wa bakteria ambao kifaranga anaweza kuzaliwa nao, kwa kuwa mama huupitisha katika yai. Mganga wa mifugo anaweza kutoa dawa inayopunguza vifo. Lakini wanaopona hubaki na ugonjwa mwilini, kwa hiyo mayai yao yasiwekwe ya kuangua.

Wiki ya tatu hadi ya sita

Ukiona damu katika kinyesi, fikiria kwanza koksidia. Hivi ni vijidudu vinavyoishi katika utumbo, na mayai yake hutoka na kinyesi. Yakipata unyevu na joto, kwa siku moja au mbili tu yanakuwa tayari kumwambukiza kuku mwingine. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupenda majira ya mvua na mabanda yaliyojaa. Habari njema ni kwamba dawa ipo. Amprolium huchanganywa katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na siku hizo vifaranga wasipate maji mengine yoyote. Msiwape vitamini B1 wakati huohuo, kwa sababu huipunguzia dawa nguvu. Pamoja na hayo, ondoeni matandiko yaliyolowa na kuweka makavu. Asiyefanya hivyo anatibu leo na kuambukiza kesho. Koksidia ya kuku haishiki watu, basi mama asiogope kusafisha. Anawe mikono tu.

Gumboro nayo hushika umri huu, kwa kuhara majimaji meupe. Ni virusi, haina dawa, ina chanjo.

Umri wowote

Shingo kupinda, miguu au mabawa kupooza, kupumua kwa shida, kinyesi cha kijani: hizo ni alama za Newcastle. Majirani zetu wa Tanzania huiita mdondo au kideri. Inaweza kumaliza karibu kuku wote wasiochanjwa. Tunajua desturi ya kufungua kapsuli za tetrasiklini za watu na kuzimwaga katika maji. Dawa hiyo haiui virusi, na franka zimepotea. Shubiri na pilipili za wazee wetu hatuzidharau, lakini nazo hazijazuia Newcastle.

Kinga ni chanjo. Ile iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, ingawa isiachwe juani. Tone moja katika jicho moja linatosha, kwa kifaranga sawasawa na jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kichupa kimoja kina matone ya kuku wengi, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Familia yenye kuku watano haiwezi kukinunua peke yake bila hasara. Kwa hiyo wenyeji na wageni wachange pamoja na kuchanja siku moja, chini ya mti mmoja. Kwetu sisi, siku hiyo ina faida kuliko mikutano mingi ya maneno.

Viongozi wawaeleze watu mapema kwamba chanjo haiponyi. Kuku aliyekwisha kuambukizwa anaweza kufa siku chache baada ya tone, na mchanjaji akalaumiwa kwamba ndiye aliyeleta kifo.

Vifo vikitokea

Chefu au mkubwa wa bloku akiletewa kesi ya "sumu", asianze kwa kuuliza nani ana chuki na nani. Aende na watu wawili, mmoja wa kila upande, wahesabu waliokufa, waandike umri, rangi ya kinyesi na siku kila mmoja alipoanza kuugua. Waulize pia kama kuna aliyeleta kuku mpya kutoka sokoni wiki hizo mbili. Mizoga izikwe kwa kina au ichomwe, isitupwe njiani wala ziwani. Wagonjwa wasiuzwe: anayekimbiza kuku wake sokoni kuokoa franka chache anapeleka ugonjwa kijiji kingine.

Wakifa wengi kwa ghafla, pamoja na bata, ofisi ya mifugo ijulishwe siku hiyohiyo, na watoto wasiguse mizoga. Mwaka 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa huko Ituri.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi: Hapa kwetu kuku ni wangapi, wa wenyeji na wa waliohama? Nani atawahesabu? Mganga wa mifugo wa karibu anapatikana wapi, na chanjo itachangiwa franka ngapi kwa kila kuku?