Kabla Hujasema "Ni Yeye"

SOMO LA USHIRIKA WA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Mithali 18:17, Mwanzo 4:10 na 18:20-21, Kumbukumbu la Torati 13:12-14, Yohana 7:50-51



Majuzi baada ya ibada ya pili, dada mmoja wa kundi la vijana alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, "Pasta, ni dhambi kusikiza podikasti za mauaji?" Nadhani kuna mtu alikuwa amemkemea. Nilimjibu haraka haraka kwamba inategemea, kisha nikaenda kusalimia wageni. Kusema ukweli nilikuwa nakwepa, maana hata mimi nazisikiza. Asubuhi nikiwa kwenye matatu, jam ya Thika Road ikishika, saa nzima inaisha nikifuata kesi ya watu nisiowajua katika mji ambao sijawahi kukanyaga. Nikishuka, nimeshaamua nani ndiye muuaji.

Hapo kwa "nimeshaamua" ndipo somo letu la wiki hii lilipo.

(Kwa wazee wetu ambao wamesikia neno hili kwa wajukuu tu: podikasti ni kama kipindi cha redio, ila hakingoji saa ya taarifa. Unakifungua kwa simu wakati unaotaka, na ukimaliza kimoja kinachofuata kinakungoja.)

Msichana aliyesahaulika

Podikasti iliyofanya dunia ipende kesi za namna hii inaitwa Serial. Ilianza Oktoba 2014 kule Marekani, mtangazaji akiwa mwanahabari Sarah Koenig. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 12, vyote juu ya kesi moja. Mnamo Januari 13, 1999, Hae Min Lee, mwanafunzi wa miaka 18 katika eneo la Baltimore, alitoka shuleni asifike nyumbani. Mwili wake ulipatikana Februari 9 katika bustani yenye msitu. Aliyeshtakiwa ni Adnan Syed, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mpenzi wake hapo awali. Mwaka 2000 akahukumiwa kifungo cha maisha na miaka 30 juu yake.

Koenig alichunguza kesi hiyo kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Alisoma mafaili ya kesi, akawatafuta mashahidi, akazungumza na Syed kwa simu kutoka gerezani mara nyingi. Aliendesha gari kwenye njia ambazo upande wa mashtaka ulisema zilitumika siku hiyo, saa mkononi, aone kama dakika zinatosha. Na alipofika kipindi cha mwisho alisema wazi kwamba ushahidi haukutosha kumfunga mtu, lakini yeye mwenyewe hawezi kuapa kwamba Syed hana hatia.

Sasa linganisha na sisi wasikizaji. Yeye baada ya mwaka mzima bado ana shaka. Wengine walikuwa na uhakika baada ya kipindi cha tatu! Kuna waliokwenda mbali hata wakaanza kuwatafuta watu halisi waliotajwa, wajue wanaishi wapi.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hiyo mnisamehe nikiangalia upande wa pesa. Kipindi cha aina hii kinalipiwa na matangazo, na matangazo yanafuata masikio. Anayekusimulia anahitaji urudi wiki ijayo. Ndiyo maana kipindi kinakatwa pale pale roho iko juu. Simsemi kama mtu mbaya, ni kazi, na wengi wao wanaifanya kwa uaminifu. Lakini hakimu hapangi ushahidi ili usikose kurudi, na msimulizi analazimika kufanya hivyo. Ukisahau tofauti hiyo utadhani umekaa mahakamani kumbe ulikuwa umekaa kwenye hadithi.

Kesi yenyewe haikuishia hapo. Mwaka 2022 ofisi ya kiongozi wa mashtaka yenyewe iliiambia mahakama kwamba haina imani tena na hukumu ile, na kwamba kuna habari ambazo mawakili wa Syed walistahili kupewa zamani na hawakupewa. Septemba 19 hukumu ikafutwa, akatoka baada ya miaka 23. Watu wakapiga makofi nje ya mahakama. Mimi pia nilifurahi.

Lakini kuna mtu ambaye karibu wote tulimsahau. Hae alikuwa na kaka, Young Lee. Aliarifiwa Ijumaa kwamba kesi ingesikizwa Jumatatu, naye anaishi California, upande mwingine kabisa wa nchi. Ilibidi azungumze kwa video. Alimwambia jaji kwamba kwake yeye hii si podikasti, ni maisha yake.

Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Nilikuwa nimesikiza saa nyingi za kesi ya dada yake, na kama ungeniuliza Hae alikuwa nani ningekwambia tu "yule aliyeuawa". Alizaliwa Korea Kusini. Alicheza hoki shuleni. Alikuwa na mama aliyemngoja jioni ile. Katika Mwanzo 4:10 Mungu anamwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake inamlilia kutoka ardhini. Angalia vizuri kwamba Habili ndiye hana mstari hata mmoja wa kujieleza katika sura hiyo. Kaini anabishana, anajitetea, analalamika adhabu ni kubwa. Aliyekufa hana mdomo, na bado Mungu anamsikia. Ni rahisi sana kwa stori nzuri kumfuata aliye hai kwa sababu ndiye anayeweza kupokea simu.

Kaka yake alikata rufaa. Mwaka 2023 hukumu ikarudishwa, na Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya Maryland ikakubali, majaji wanne kwa watatu, kwamba haki za Young Lee hazikuheshimiwa. Machi 2025 jaji mwingine akaamua Syed asirudi jela, awe chini ya uangalizi kwa miaka mitano, lakini hatia imebaki kwenye rekodi. Kwa hiyo yuko huru, na kwa sheria bado ni mwenye hatia. Ukitaka kuambiwa "ni yeye" au "si yeye" ndio ulale vizuri, kesi hii haitakusaidia.

Kushuka na kuangalia

Katika uhasibu kuna kanuni tunafundishwa wiki ya kwanza: kila shilingi inaandikwa pande mbili. Ikitoka mahali, imeingia mahali. Mkaguzi akikuta upande mmoja tu, hasemi mtu ameiba. Anasema hesabu haijakamilika, anauliza karatasi ziko wapi. Sulemani alishaliona jambo hilo kabla ya wahasibu. Katika Mithali 18:17 anasema, kwa maneno yangu, kwamba anayetangulia kujieleza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amuulize maswali.

Na kwenye Kumbukumbu la Torati 13 watu wanasikia tetesi kuhusu mji mzima. Sheria haiwaruhusu kukimbia na mapanga. Kuna kazi imewekwa katikati: waulize, wachunguze, wahoji kwa bidii, mpaka ijulikane kama ni kweli. Zaidi ya hayo, soma Mwanzo 18. Mungu ambaye anajua yote anasikia kilio dhidi ya Sodoma, na bado anasema atashuka aone. Alihitaji kushuka? Hakuhitaji. Alishuka.

Nataka muone kushuka huko kunafanana vipi katika siku zetu, kwa sababu nisingependa mtu aende nyumbani akisema pasta amepiga marufuku podikasti. Kuna nyingine, In the Dark, ambayo msimu wake wa pili ulitoka mwaka 2018. Ilimhusu Curtis Flowers, mtu mweusi wa Winona, mji mdogo Mississippi. Watu wanne walipigwa risasi dukani huko mwaka 1996. Flowers alishtakiwa mara sita kwa kesi ile ile, na kiongozi wa mashtaka yule yule. Mara sita! Wanahabari hao walihamia huko, wakaishi na watu. Waliingia katika vyumba vya kumbukumbu vya mahakama wakatoa makaratasi ya kesi 225 za miaka mingi. Wakahesabu ni raia gani walioitwa kuketi kwenye jopo la kuamua kesi, na ni nani waliokataliwa. Walipata kwamba ofisi ile iliwakataa watu weusi zaidi ya mara nne kuliko weupe. Pia walimpata mfungwa aliyekuwa ametoa ushahidi kwamba Flowers alikiri kwake gerezani. Mfungwa huyo akawaambia kwamba alidanganya.

Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu, ikitaja kwamba katika kesi zote sita upande wa mashtaka uliwaondoa watu weusi 41 kati ya 42 ambao ungeweza kuwaondoa. Mwaka 2020 mashtaka yakatupwa. Flowers alikuwa amekaa ndani karibu miaka 23.

Kuhesabu makaratasi ya kesi 225 hakuna utamu wowote. Ni vumbi na mgongo kuuma. Lakini hapo ndipo kweli ilipokuwa imelala, na waliifikia kwa sababu walikubali kuinama. Nikodemo naye alisimama kati ya wakubwa wenzake akauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Alitukanwa kwa swali hilo moja. Kwetu Kenya swali la Nikodemo limeandikwa ndani ya Katiba, Kifungu cha 50: mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini sote tumewahi kusikia mtu akipiga kelele "mwizi!" mtaani, na tunajua ni dakika ngapi hupita kabla ya mawe na tairi. Hakuna anayeuliza ni mwizi wa nini, ameiba kwa nani, nani aliona.

Na msidhani kwamba hapa kanisani hatuna tairi.

Dakika nne za sauti

Ninachoandika hapa nina ruhusa ya mwenyewe. Mwaka jana ndugu mmoja aliyekuwa mweka hazina wa chama kidogo cha akiba alisemwa kwamba amekula shilingi 38,400. Nilitumiwa rekodi ya sauti kwa WhatsApp saa nne usiku. Dakika nne. Ilikuwa imepangwa vizuri sana, tarehe ziko, kiasi kiko, na mwishoni mtu analia. Nikaisikiza mara mbili nikiwa kitandani. Asubuhi, kabla hata ya chai, nilimtoa katika zamu ya wahudumu wa mlangoni, na nikawaambia wahudumu wengine sababu ni "mambo ya uaminifu". Sikumpigia simu. Mimi, mwenye digrii ya biashara, sikuomba karatasi hata moja.

Wiki tatu baadaye niliketi na taarifa ya M-Pesa na kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Ilinichukua kama dakika arobaini. Pesa zilikuwa zimelipwa kama amana ya ukumbi wa mkutano wao wa mwisho wa mwaka, kwa uamuzi wa kikao, na sahihi ziko. Aliyetuma sauti hakuwa mwongo. Hakuhudhuria kikao kile, na aliamini kila neno alilosema.

Nilimuuliza yule ndugu mbona hukujitetea. Akaniambia, "Pasta, mlikuwa mmeshamaliza."

Nilimwomba msamaha mbele ya wahudumu, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomchafua. Alinisamehe. Mama yake alichukua muda mrefu zaidi, na simlaumu. Anakuja ibadani kila Jumapili, anakaa karibu na nyuma. Kwa zamu ya mlangoni hajarudi, na nimeacha kumuuliza.

Kwa hiyo dada yangu wa kundi la vijana, jibu langu nililokwepa ni hili. Sidhani kusikiza ni dhambi. Sikiza, lakini ukifika mwisho jiulize ni nani hakupewa nafasi ya kusema, na jina la aliyekufa ni nani. Ukiona huwezi kulikumbuka, rudi nyuma ulitafute. Na ukishuka kwenye matatu ukiwa na uhakika, uliza uhakika huo umetoka wapi: kwa ushahidi, au kwa sauti nzuri ya msimulizi na ule muziki wa chini chini?

Jumatano katika ushirika wa nyumbani kila mmoja aje na habari moja aliyoisikia mwezi huu, ya redio, ya podikasti au ya WhatsApp, ambayo aliamini mara moja. Asitaje jina la mtu wa hapa kwetu. Kisha atetee upande ule ambao hakuupenda, dakika tano, kwa nguvu zake zote. Viongozi wa ushirika, msiwaachie watu waseme tu "sijui". Waulize wangehitaji karatasi gani, na wangempigia nani simu.

Sisi wa ushirika wa kwangu tutakutana saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndugu yule ameniambia atakuja, na kwamba atabeba kile kitabu cha mikutano tujifunzie nacho.