Mwenzako wa Timu ni Nani?

Kariakoo haina haja ya kufundishwa timu ni kitu gani. Katika mitaa yake ilizaliwa Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo tangu 1971 twaijua kwa jina la Simba. Mtoto wa Kariakoo huijua timu yake kabla hajaijua hesabu ya kuzidisha. Lakini leo twapenda kusema juu ya timu ndogo zaidi, ambayo magazeti hayaiandiki: timu ya wanafunzi wa chuo.

Si mbali na soko, kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, vipo vyuo viwili vya siku nyingi. Kimoja ni Taasisi ya Teknolojia, iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi. Cha pili ni Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichofunguliwa mwaka 1965. Wanafunzi huja kutoka pande zote za nchi, na wengine hupanga chumba kimoja watatu au wanne. Baba na mama wako mbali. Paroko aliyembatiza kijana yuko mbali. Wanaomwona kila siku ni wenzake wa darasani, na jioni wale anaocheza nao mpira. Kwa hiyo yampasa kila mzazi kujiuliza: mwanangu anacheza na nani?

Wako wazazi wanaodhani kwamba michezo ni kupoteza wakati na karo. Kanisa halifundishi hivyo. Mtakatifu Paulo alitumia mfano wa mashindano ya mbio alipowaandikia Wakorintho, na mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati nzima juu ya michezo na maisha ya Mkristu. Uwanja ni shule. Yatupasa tu kuuliza shule hiyo yafundisha nini.

Tutazame mfano wa vijana wetu waliokwenda kusoma ugenini. Katika miaka ya 1970 na 1980, Watanzania kadhaa walisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, wakakimbia katika timu ya chuo pamoja na vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Mmoja wao alikuwa Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wengine walikuwa Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Chuo hicho kilitwaa ubingwa wa Marekani wa mbio za nyika kwa vyuo mara nne mfululizo, tangu 1978 hadi 1981.

Sasa angalieni jinsi mbio hizo zinavyohesabiwa. Kila timu huingiza wakimbiaji saba. Nafasi za watano wa kwanza wa timu hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo ishindayo. Basi hata kama mmoja amefika wa kwanza kabisa, na mwenzake wa tano amefika wa mia moja, kombe halitapatikana. Mwaka 1981 timu ya El Paso ilipata jumla ya 17, na jumla ndogo kuliko zote iwezekanayo ni 15. Wa sita na wa saba hawahesabiwi. Lakini wakiwapita wakimbiaji wa timu nyingine, huisukuma nyuma timu hiyo. Hata asiyehesabiwa amesaidia.

Mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Shahanga alishinda mita 10,000 na Barie akawa wa pili, wakitengana kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Mwenzi mwema hakupunguzii mwendo. Hukufanya ukimbie vizuri zaidi.

Injili Takatifu nayo yatuonyesha timu. Watu wanne walimchukua mgonjwa aliyepooza, wakampandisha juu ya dari, wakalitoboa, wakamshusha mbele ya Bwana wetu. Majina yao hatuyajui. Mwinjili Marko asema kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani imani ya wale wachukuzi. Kama mmoja wao angaliiachia pembe yake ya kitanda, mgonjwa angalianguka.

Tuseme basi kwamba mlinda mlango wa timu ya chuo ameumia goti mwezi mmoja kabla ya mtihani. Mahali pake pamepata mtu mwingine, na mchezo waendelea. Yeye amelala katika chumba cha ghorofa ya tatu, hawezi kushuka ngazi. Fedha zimekwisha kwa dawa, naye aona haya kuwaarifu wazazi. Hapo ndipo timu hujulikana. Nani atamletea maandishi ya darasani? Nani atampeleka hospitali? Nani atapanda ngazi na chakula? Asipotokea mtu, kijana aweza kuacha masomo kimya kimya, na wazazi wawe wa mwisho kujua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Lakini tusidanganyike. Kuna umoja usio urafiki. Mchezaji amwibiaye mwenzake majibu ya mtihani, au amfichaye anapozama katika ulevi, husema kwamba anamsaidia. La! Huyo ameiachia pembe ya kitanda huku akijidai ameishika. Rafiki wa kweli humwambia mwenzake ukweli wakiwa wawili, bila kumwaibisha. Na asiposikilizwa, humtafuta mtu mzima awezaye kumwokoa. Vivyo hivyo, kuipenda timu yako si ruhusa ya kumchukia aliyevaa jezi nyingine. Yanga na Simba ni watoto wa mitaa ile ile, na wapenzi wao hununua mchicha katika soko lile lile.

Jioni moja ya juma hili, baada ya sala ya familia, jiulizeni maswali haya:

1. Wazazi: Je, twayajua majina ya watu watatu wanaocheza au kusoma na mtoto wetu? Tumepata kuwasalimu?

2. Vijana: Ni nani katika timu yetu aliyeacha kuja mazoezini, na hakuna aliyekwenda kumtazama?

3. Sote: Mimi nimeshika pembe gani ya kitanda, na kwa ajili ya nani?

Yule wa pili asingojee Jumapili. Mtu aende kwake kesho.