Kompyuta ya Mezani Haishiki Wi-Fi? Usikimbilie Kununua Kadi Mpya

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo au Luthuli zilianzia kazi kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, ambako zilipata mtandao kwa waya. Ndiyo maana nyingi huja bila Wi-Fi, na mwenye nayo huongeza kadi au kidude cha USB. Siku mtandao ukigoma, lawama zote huiangukia kadi. Mara nyingi husingiziwa, kwa hiyo kabla hujatoa pesa, pitia haya.

1. Anza na simu. Simama nayo palepale ilipo kompyuta, zima data, ufungue ukurasa wowote kwa Wi-Fi hiyohiyo. Nayo ikigoma, shida iko kwenye ruta au bando limekwisha.

2. Bonyeza Restart, si Shut down. Unapozima Windows 10 au 11, mara nyingi mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake ili uwake haraka kesho, na hitilafu ya jana huamka nao. Restart huanza upya kabisa. Ikishindikana, zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, kisha rudisha umeme.

3. Geuza kasha utazame mgongoni. Hapa nakusihi usipite haraka. Kadi nyingi za ndani zina vishina viwili vidogo vya rangi ya dhahabu, vyenye nyuzi kama za skrubu, na antena hukazwa hapo. Zikilegea, au zikisahaulika kwenye boksi, kadi itashika mtandao ikiwa chumba kimoja na ruta, lakini ukihamia chumba cha pili umepotea. Kaza kwa vidole, si kwa koleo.

Halafu tazama kasha lenyewe limekaa wapi. Ni la chuma, limesukumwa ukutani chini ya meza, na antena zimebanwa nyuma yake. Mawimbi hayapenyi chuma. Lisogeze, au tafuta antena yenye waya mrefu na kitako, uiweke juu ya meza. Mwenye kidude cha USB atumie waya wa kurefushia, na akiweke mbali na diski ya USB 3.0, kwa sababu vifaa hivyo hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi.

4. Simu inauona mtandao, kompyuta haiuoni. Kadi nyingi za bei nafuu zilizoandikwa N150 husoma 2.4 GHz tu. Ruta ikirusha jina la mtandao kwa 5 GHz pekee, kadi hiyo haitaliona kamwe. Sababu ya pili wachache wanaijua: kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazisikilizi chaneli ya 12 na ya 13. Ruta ikijichagulia 13, jina la mtandao hutoweka kwenye kompyuta na kubaki kwenye simu, nawe utahangaika na kadi nzima isiyo na kosa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uiwekee chaneli ya 1, 6 au 11. Na kama ulinzi wake ni WPA3 pekee, kadi ya zamani haitaweza kujiunga. Chagua ule unaochanganya WPA2 na WPA3.

5. Imeunganishwa, lakini kurasa hazifunguki. Fungua Command Prompt, andika *ipconfig*. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Iambie kompyuta iusahau mtandao huo (Forget), kisha uingize nenosiri upya. Anwani ikiwa ya kawaida, kama 192.168.1.20, tazama saa. Kompyuta ikidhani bado ni miaka kadhaa nyuma, tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Rekebisha tarehe, na ikirudi nyuma tena, badilisha betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu.

6. Itafutie draiva yake hasa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ufungue Device Manager. Ukikuta alama ya njano, au kifaa kisicho na jina, ingia Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14C3 ni MediaTek. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta. Programu zinazojinadi kuwa zitakutafutia draiva zote ziepuke. Mara nyingi huja na matangazo na uchafu mwingine.

Utapakuaje bila mtandao? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Simu nyingi huipitishia kompyuta Wi-Fi ya nyumbani, bando lako lisiguswe.

7. Inakatika na kurudi. Kwenye Properties za kadi, ukiuona ukurasa wa Power Management, ondoa tiki inayoruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme.

8. Kadi haionekani kabisa. Chomoa umeme, fungua kasha, gusa chuma kitupu ili kuondoa umeme tuli, kisha fungua skrubu uitoe kadi. Meno yake ya dhahabu yakiwa na weusi, jambo la kawaida kwa tunaoishi na hewa ya chumvi, yasugue taratibu kwa raba ya penseli na uyapanguse. Irudishe mpaka izame sawasawa, au jaribu tundu jingine.

9. Ukilazimika kununua. Kama ruta iko karibu, mimi ningenunua waya wa Cat5e kwanza: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kama ni lazima kadi, kasha jembamba linahitaji yenye kibati kifupi. Intel AX201 na AX211 hufanya kazi kwenye baadhi tu ya mashine zenye prosesa za Intel. Kwa kompyuta ya zamani chukua AX200 au AX210 iliyopachikwa kwenye kadi ya PCIe. Na ule waya mwembamba unaokuja nayo uchomeke kwenye pini za USB za ubao mkuu, la sivyo Bluetooth haitaonekana.