Hame na Gofu: Namna ya Kupiga Picha Nyumba Zilizohamwa

Lugha yetu ina maneno mawili kwa makao yasiyokaliwa. Mahali palipohamwa na watu ni hame, na nyumba iliyobaki kuta tupu ni gofu. Baina ya hame na gofu hupita miaka mingi, na mambo yatokeayo katika miaka hiyo ndiyo somo letu la muhula huu. Watu husema, "Nyumba ya fulani imeanguka jana." Lakini nyumba ya mawe haianguki kwa siku moja. Huanza kufa siku lilipong'oka bati la kwanza, nayo huendelea kufa kimya kimya, wala hapana aonaye, maana jicho la mpita njia huzoea kila kitu linachokiona kila siku. Kamera haizoei.

Ili mwanafunzi ajue apige picha ya nini, yampasa kwanza ajue nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwaje. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Nje na ndani zimepigwa lipu ya chokaa. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazipatikani ndefu sana, vyumba vingi vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita tatu tu. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta. Angalieni sana jambo hili: kuta huzibeba boriti, lakini boriti nazo huzishika kuta zisiachane.

Basi, bati likiondoka, mvua ya masika huingia kichwani mwa ukuta. Maji huuosha udongo ulio kati ya mawe. Ncha ya boriti, iliyojificha mahali pasipofika jua wala upepo, ndiyo huoza kwanza, huku katikati yake ikionekana nzima. Kisha dari huporomoka. Dari ikishaanguka, ukuta wa ghorofa mbili husimama peke yake kama mzee aliyenyang'anywa mkongojo, ukalala kidogo kidogo upande wa nje, na ufa ukafunguka pembeni. Ndege huja na mbegu ya mti wa jamii ya mtini, mzizi ukatafuta njia ndani ya ufa ule. Mengi ya hayo huonekana kabla ukuta haujaanguka, kwa yule mwenye picha nyingi za mahali pamoja.

Nasema za mahali pamoja, maana picha moja ya gofu haisemi mengi, na picha kumi zilizopigwa kutoka pande kumi hazisemi zaidi. Zinazosema ni zile zilizopigwa kutoka mahali pamoja, kwa kimo kimoja na saa ile ile, mwaka baada ya mwaka. Chagua pa kusimama penye alama isiyohama, kama vile pembe ya baraza ya jirani. Mti haufai, kwa sababu hukatwa. Pima umbali toka ukutani, uandike katika daftari. Usipime kimo cha kamera kwa kifua chako, maana mwakani utakuwa umerefuka. Tumia fimbo ya mita moja na nusu. Kamera ya simu yatosha kabisa, ila usiikuze picha kwa vidole. Na kila urudipo, chukua nakala ya picha ya kwanza mkononi, usogee mpaka pembe ya dirisha ikae sawa na pembe ya nyumba ya nyuma kama ilivyokaa hapo mwanzo. Kazi hii yataka subira kuliko ufundi.

Mara mbili kwa mwaka zatosha: mwezi wa Februari kabla ya masika, na Juni masika yakiisha. Jua la ubavuni, la asubuhi au la alasiri, hutia kivuli katika kila ufa na kila uvimbe wa lipu; jua la saa sita huufanya ukuta uonekane bapa kama karatasi. Ama zile picha za magharibi, mbingu nyekundu na gofu jeusi mbele yake, ni nzuri kutundika ukumbini, lakini mwashi hazimfai kitu. Ufa upige picha ya karibu, na rula imewekwa kando yake. Waashi wana njia nyingine: hubandika kipande chembamba cha plasta toka ukingo mmoja wa ufa hata wa pili, wakakiandika tarehe. Kikikatika, ukuta bado wajongea.

Mfululizo wa picha hutufunza jambo jingine, nalo ni kutenga kazi ya mvua na kazi ya mikono. Tazameni Maruhubi, kaskazini ya mji. Jumba lile alilijenga Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Azionaye leo nguzo zile nene, zimesimama safu kwa safu wala hazina cha kubeba, hudhani kwamba moto na mvua vilifanya kazi yote. Lakini marumaru hayakuchukuliwa na mvua. Katika Mji Mkongwe nako, mlango wa nakshi ukiwapo katika picha ya Februari na haupo katika picha ya Juni, mvua haibebi mlango.

Wakati mwingine picha humshitaki mtengenezaji mwenyewe. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukipigwa lipu ya saruji, hupendeza mwaka wa kwanza. Kisha unyevu uliofungiwa ndani hupanda, chumvi ikachanua, na saruji ikabanduka vipande vipande pamoja na uso wa mawe. Mwenye picha ya mwaka wa kwanza peke yake atasema kazi ilikuwa njema.

Hasara yake si ya mawe tu. Beit el Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Picha za kale zaonyesha mnara umesimama mbali mbele yake. Baada ya manowari za Waingereza kupiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, mnara mpya ulijengwa katika uso wa jumba lenyewe. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo mwanafunzi asiingie ndani ya gofu, wala asisimame chini ya roshani, hata kama picha ya ndani ingekuwa nzuri namna gani. Picha zipigwe njiani, na mkubwa awepo.

Tena aombe ruhusa. Nyumba iliyohamwa si nyumba isiyo na wenyewe. Mara nyingi wenyewe ni wengi kupita kiasi. Warithi ni kumi na wawili, mmoja yuko Muscat, mwingine Dar es Salaam, na kila mmoja angoja mwenziwe atoe fedha ya bati. Picha nne zenye tarehe, zikipelekwa kwa wote, huweza kuwakutanisha. Na jirani aliye ukuta kwa ukuta na gofu hilo, alalaye na watoto wake, ana haki ya kupewa nakala kabla ya mtu mwingine yeyote.

Simu huibwa na huvunjika. Kila mwaka chapisheni walau nakala moja ya karatasi, mkaandike nyuma yake kwa penseli laini, wala si kwa wino, maana unyevu wa pwani huutawanya: mtaa, upande wa ukuta, tarehe, saa, na jina la mpigaji. Daftari la vipimo likae katika maktaba ya skuli, ili aliye Kidato cha Nne akiondoka, aliye Kidato cha Kwanza aende akasimame palepale.